Ruti Iliyopotea Baada ya Sasisho, na Kwa Nini Sikukubali Simu Ifutwe

Jumatano iliyopita, hapa Wete, kifurushi cha intaneti nilichonunua usiku kilikwisha kabla ya adhana ya adhuhuri, ilhali simu ilikuwa mezani tangu alfajiri. Nilipoifungua Magisk, programu inayonipa ruti, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu, niliona sababu: mahali panapoandikwa toleo lililowekwa palikuwa na herufi mbili tu, N na A, zenye mkwaju katikati, yaani hakuna kilichowekwa. Simu ilikuwa imejisasisha usiku, haki za ruti zimeondoka, na programu yangu ya kuzizuia programu nyingine zisile data, ambayo haifanyi kazi bila ruti, imelala pamoja nazo.

Fundi niliyempelekea aliitazama kidogo akasema, "Kaka, hii mpaka tuiflashi yote," yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Nilikataa. Ndani ya simu ile mna sauti ya marehemu bibi yangu akisimulia hadithi kwa Kipemba, na nilikuwa bado sijazihamishia rekodi zile mahali pengine.

Naandika haya kwa sababu watu wengi huambiwa maneno hayohayo, wakakubali, wakapoteza picha na ujumbe wa miaka bila sababu yoyote. Magisk, ambayo John Wu aliitoa mwaka 2016, hairekebishi mfumo mzima wa simu, bali hubadilisha faili dogo linalotumika wakati simu inawaka. Katika simu nyingi za zamani faili hilo ni boot, na katika zile zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi, kama yangu, ni init_boot. Sasisho kamili linapoingia huweka faili jipya lililo safi, na ruti huondoka hapo hapo. Picha, rekodi na ujumbe hukaa sehemu nyingine kabisa. Kinachofuta kila kitu ni kule kufungua butiloda, programu ndogo inayouwasha mfumo na ambayo hutoka kiwandani ikiwa imefungwa, kwa mara ya kwanza, nami nilikwisha kufanya hivyo simu ilipokuwa mpya.

Jioni niliazima kompyuta ya shemeji yangu. Hapa nilikosea: nilikuwa na faili la zamani lililokwisha kurekebishwa, nikaliweka hilo ili kuokoa bando. Simu ilikwama kwenye nembo kwa dakika kumi nzima, na mikono ikaanza kunitetemeka. Faili lazima litoke katika toleo lilelile ambalo simu inalo sasa, namba ya toleo ilingane hadi herufi ya mwisho. Nilipakua kifurushi kamili cha toleo jipya, nikatoa init_boot yake, nikairudisha kwenye simu ikiwa safi kwa fastboot, zana ya kompyuta ya kuandika faili za mfumo kwenye simu, na simu ikawaka. Ndipo nilipoihamishia faili lile, nikaliteua ndani ya Magisk ili ilirekebishe, nikalirudisha kwenye kompyuta na kuandika:

fastboot flash init_boot magisk_patched.img

Kazi yenyewe haikuchukua hata sekunde tano.

Kwa sasisho lijalo nimekwisha kuzima usasishaji wa kujiendesha katika mipangilio ya wasanidi. Simu yangu ina pande mbili za mfumo, A na B, na sasisho huandikwa upande usiotumika. Kwa hiyo nitairudisha faili asili kupitia Magisk, nitaliacha sasisho limalize bila kuiwasha simu upya, kisha nitaiagiza Magisk ijiweke upande ule wa pili kabla ya kuwasha. Hakuna haja ya kompyuta hapo. Lakini asijaribu mtu kuifunga butiloda huku faili lililorekebishwa limo ndani, kwani simu inaweza kukataa kuwaka kabisa. Na yule ambaye riziki yake inapita kwenye programu za benki na pesa za simu, namshauri asiruti, kwa kuwa nyingi kati yake hukataa kufanya kazi.

Usiku ule programu ya kuzuia data iliniomba ruhusa upya, nikabonyeza kukubali. Kisha nikafungua folda ya rekodi. Bibi alikuwa bado anaanza: "Paukwa."