Mkunga

Baba alilipa gari lake jina kabla mtaa haujalipa la kwake. Lilikuwa Peugeot 404 la safu tatu za viti, Pijo kwa ulimi wetu, na yeye aliliita Shankland. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za Safari kwa gari kama lile mwaka 1966, akarudia 1967, na baba alizifuatilia zote mbili redioni. Watu wa kwetu Pongwe, Tanga, walimsikia, wakanyamaza. Ndivyo yalivyo majina ya magari. Hata shangingi halikubatizwa na wanaolipanda.

Jumapili moja mwaka 1982, saa kumi jioni, uchungu ulimshika jirani yetu. Mimba ya kwanza. Siku hizo mafuta yalikuwa haba, na magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Baba alimtazama yule dada, akamtazama mama mkwe aliyemshika kiuno, akaenda kuchukua hendeli.

Betri ilikuwa imechoka siku nyingi. Kazi yangu, nikiwa na miaka tisa, ilikuwa kukanyaga mafuta yeye akizungusha hendeli mbele. Likawaka mara ya tatu. Nikasogea upande wa pili, tukaondoka. Hakuna aliyekumbuka kunishusha.

Kabla ya kufika Kange nilimsikia bibi, yule mama mkwe, nyuma yangu: "Simama, mwanangu. Mtoto huyu."

Baba akaegesha kando ya shamba la mkonge. Hakuthubutu kuzima injini. Mkono wake ulibaki kwenye gia, ile ya pale kwenye usukani, ukitetemeka pamoja na gari, macho yake yakitazama mbele tu. Alikuwa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini. Mara kilio chembamba kikapanda juu ya ngurumo ya injini, na bibi akaomba kanga nyingine.

Mjini askari alitupungia mkono tusimame. Akainama dirishani, akaona, akavua kofia. "Pita, mzee. Pita upesi." Tukapandisha hadi hospitali ya Bombo, mama na mtoto wakapokewa salama.

Usiku mama yangu alikiosha kiti cha nyuma kwa kipande cha sabuni alichokuwa amekificha. Mwaka ule sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na alikimaliza chote.

Asubuhi yake watoto walilikimbilia gari wakipiga kelele, "Mkunga! Mkunga huyo!" Baba akawasahihisha: Shankland. Aliwasahihisha miezi mizima, dukani, msikitini, hata kwa fundi wake.

Kisha ikaja asubuhi moja ya masika, gari limegoma. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, mguu tayari, naye hakujua kwamba dirisha liko wazi. Akaweka kiganja juu ya boneti iliyolowa, akaipapasa.

"Amka, Mkunga," akasema. "Amka mama, twende."