Siku Tisa Havana kwa Yuro 400

Mashine ya kutolea pesa katika uwanja wa ndege wa José Martí iliirudisha kadi yetu mara tatu, na mara ya tatu mume wangu aliitazama kadi ile kama mzazi anayemtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. Ilikuwa Februari 2023. Tulikuwa tumetoka Mombasa kupitia Ulaya kuadhimisha miaka kumi ya ndoa yetu, watoto tukiwa tumewaacha kwa nyanya yao. Tulijua kwamba kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi Kuba kwa sababu ya vikwazo, lakini ya kwetu ilitoka benki ya nyumbani, nasi tukadhani kwamba hilo linatosha. Taslimu tulikuwa na Yuro 400, ambazo nilizinunua dakika za mwisho huku mwenzangu akilalamika kwamba ni nyingi mno kutembea nazo.

Usiku ule, katika chumba tulichokodi kwenye nyumba ya familia mtaa wa Centro Habana, tulinuniana kwa muda wa saa nzima, kisha tukazimwaga noti kitandani tukazihesabu. Chumba kilikuwa Yuro 25 kwa usiku, teksi ya kuja na ya kurudi uwanja wa ndege Yuro 50 jumla, na baada ya kuyatoa hayo tukabakiwa na Yuro 150 za kula na kutembea, yaani kama 16 kwa siku kwa watu wawili. "Haya, Bibie," akasema mume wangu, "kuanzia sasa mweka hazina ni wewe." Tulipokuwa tukizipanga moja, mbili, tatu, akanikumbusha kwamba hesabu hiyo imekwisha kutumiwa na Wakuba kabla yetu: Che Guevara, mwanamapinduzi aliyepigana pamoja na Fidel Castro, alipokwenda kupigana Kongo mwaka 1965 alijiita Tatu, na wenzake wawili wakaitwa Moja na Mbili. Nilicheka bila kupenda, na mnuno ukaisha.

Aliyetuokoa hasa ni mama mwenye nyumba. Nyumba za namna hiyo zina alama ya buluu mlangoni na zina kibali cha serikali cha kupangisha wageni, na faida yake kubwa ni kwamba unaishi chini ya jicho la mtu anayejua bei ya kila kitu. Asubuhi alitusikiliza kwa makini, huku mume wangu akijikongoja kwa Kihispania cha miezi minne, kisha akatueleza mambo mawili: tusile mikahawa ya watalii, na tujifunze kupanga foleni.

Hilo la pili nililiona la mzaha mpaka nilipofika sokoni. Mbele ya kibanda cha mboga palikuwa na watu kama ishirini waliotawanyika, huyu kaketi ukingoni mwa barabara, yule kaegemea nguzo kivulini, na hapakuwa na mstari wowote ninaoutambua mimi. Anayefika huuliza kwa sauti, "¿El último?", yaani nani wa mwisho, na mmoja huinua mkono. Hapo wewe ndiwe wa mwisho, na kazi yako ni kumkariri uso wake tu, kisha waweza kwenda kuketi utakako mpaka mwingine aje aulize na wewe uinue mkono. Wenye busara huuliza pia huyo aliye mbele yao anamfuata nani, ili akichoka akaondoka wasipoteze mnyororo. Nimepanga foleni nyingi maishani, za afisi na za feri, na sijaona foleni yenye adabu kama hii ambayo kwa macho haionekani.

Ndipo nilipotambua manufaa ya kusafiri wawili. Mume wangu alishika nafasi kwenye afisi ya kubadilisha fedha, ambako dola moja ilikuwa peso 120 na yuro ilikuwa karibu na hapo. Mimi nikashika nafasi sokoni, na kila nusu saa mmoja wetu alivuka barabara kumpelekea mwenzake maji. Vijana mtaani walitunong'oneza bei ya juu zaidi, tena ya kushawishi, lakini biashara hiyo hairuhusiwi, na kwa hesabu yetu noti moja bandia ingetulaza njaa. Kitu kilichonitatiza zaidi sokoni si bei bali lugha, kwani muuza nyanya alimwita mume wangu "mi amor", mpenzi wangu, bila hata kumtazama usoni. Kufika jioni nilikuwa nimeitwa hivyo mara sita, na mmoja wao alikuwa mzee mwenye umri wa baba yangu. Nikaizoea.

Chakula kilitaka tahadhari nyingine, kwa kuwa nguruwe huingia karibu kila sufuria. Wali uliopikwa pamoja na maharage meusi wenyewe huuita Wamori na Wakristo, na mara nyingi hukaangiwa mafuta ya nguruwe au vipande vya nyama yake. Wamori ni Waislamu wa zamani waliotawala Uhispania, na Mmori wa watu hana habari kilichomo sufuriani. Tulipomwambia mama mwenye nyumba kwamba sisi ni Waislamu, alitupikia kwa mafuta ya kawaida pamoja na ndizi za kukaanga, kwa malipo ya peso tulizoweza kuzimudu, na Ijumaa akamwelekeza mume wangu kwenye msikiti wa Abdallah ulio Havana ya Kale, uliofunguliwa mwaka 2015.

Usafiri haukutusumbua sana, maana aliyekulia kwenye matatu ana ujuzi wa kutosha. Magari yale ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yanayong'aa kwenye picha ni ya kukodishwa na watalii. Ndugu zao waliochakaa, ambao wengi wametiwa injini za dizeli, hufuata njia maalumu na kupakia abiria wowote njiani. Siku ya kwanza mume wangu aliufunga mlango kwa nguvu kama tunavyofanya kwetu, na dereva akafumba macho kana kwamba amepigwa yeye. Kuanzia hapo tuliifunga milango ile kwa vidole viwili.

Vilivyokuwa bure ndivyo vilivyotukaa moyoni. Jioni tulikaa juu ya ukuta wa Malecón, ule unaoandama bahari kwa takriban kilomita 8, kama tukaavyo Mama Ngina, ufukweni kwetu Mombasa, ila bila mihogo. Ng'ambo ya mlango wa bandari ilisimama ngome ya El Morro, na sote wawili tukasema kwa pamoja jina la ngome yetu ya Mombasa: Fort Jesus. Macho hayakutudanganya sana. El Morro ilianza kujengwa mwaka 1589, Fort Jesus mwaka 1593; waliochora ramani za ngome hizo wote wawili walikuwa Waitaliano, na Uhispania na Ureno zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Felipe wa Pili. Kesho yake kwenye kanisa kuu nilipitisha kidole ukutani nikakuta alama za viumbe wa baharini ndani ya jiwe, matumbawe yale yale ya nyumba ya nyanya yangu Mji wa Kale. Saa tatu usiku hulia mzinga kutoka ngome ya La Cabaña, kama ulivyolia zamani kutangaza kwamba milango ya mji inafungwa, na mlio wa kwanza ulinifanya nimshike mume wangu mkono hadharani, jambo nisilolifanya Mombasa.

Siku ya mwisho hazina ilikuwa na Yuro 11 na peso zisizokuwa na kazi nje ya Kuba. Tulipanga foleni ya saa mbili tukanunua trei ya mayai, tukamkabidhi mama mwenye nyumba kwa mikono miwili. Aliyahesabu yote thelathini, akauliza tumelipa kiasi gani, na tulipomtajia akashika kichwa akasema tumepunjwa.