Nimeanza kusoma tablacha ya besi!

Jamani, nina furaha! Tablacha ya gitaa la besi, yaani muziki ulioandikwa kwa mistari na namba badala ya noti za kawaida, imeanza kunikaa kichwani. Mistari minne, kila mmoja na uzi wake: wa chini kabisa ni E, ule uzi mnene, kisha A, D, na G juu. Namba ni freti ya kubonyeza, yaani nafasi kwenye shingo ya gitaa. 0 ni uzi unaopigwa wazi. Ukiona 3 kwenye mstari wa A, hiyo ni noti ya C. Basi!

Kazi iko kwenye mapigo. Tablacha nyingi hazionyeshi noti idumu muda gani, kwa hiyo lazima usikilize wimbo wenyewe, tena na tena, mguu ukihesabu. Mimi husikiliza kwanza bila kugusa gitaa, ndipo napiga polepole. Leo kiitikio kizima nimekwenda sawa na ngoma!