Mkate wa Kipa

Kwa miaka mitatu nimekuwa mlezi wa chama cha uanahabari katika shule moja ya upili mashariki mwa Nairobi, na kila Januari nimekuwa nikiwasomea wanafunzi Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010, kinacholinda uhuru wa vyombo vya habari, kisha kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013. Walinakili, wakakariri, wakasahau.

Muhula uliopita gazeti letu la ukutani, ambalo hubandikwa kila Ijumaa karibu na mlango wa bwalo, liliandika kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili ameonekana akitoka jikoni na mkate aliouficha ndani ya sweta. Jina halikutajwa, na mwandishi alijivunia hilo. Lakini aliongeza kuwa mshukiwa ni kipa wa timu ya shule, na timu ina kipa mmoja tu. Kufikia mapumziko ya saa nne Jumatatu, kijana alikuwa na jina la utani ambalo sitalirudia hapa. Kumbe mpishi ndiye aliyempa mkate ule, kwa idhini ya shule, kwa sababu za kiafya. Hakuna aliyemuuliza mpishi wala kipa.

Tuliunda jopo la wanafunzi watano, watatu kutoka nje ya chama, kwa kuiga Tume ya Malalamiko, inayosikiliza malalamiko dhidi ya vyombo vya habari, iliyoundwa chini ya sheria ile ya 2013. Niliwaeleza kwamba Baraza la Vyombo vya Habari lenyewe lilianza kama chombo cha hiari cha wanahabari, likawekewa sheria kwa mara ya kwanza mwaka 2007, kwa hiyo kujidhibiti kwa vyombo vyetu vya habari kumechanganyika na mkono wa dola. Mmoja akauliza kama mlezi wa chama si ndiye dola yetu, maana habari ile niliipitisha mimi. Sikuwa na jibu zuri, na jopo liliandika hivyo katika kumbukumbu zake.

Kukiri kosa kulichukua dakika kumi. Kuandika marekebisho kulichukua alasiri mbili. Rasimu ya kwanza ilieleza ugonjwa wote ili kumsafisha kijana, hadi msichana mmoja alipouliza iweje tufute uongo kwa kuanika siri ya mtu. Ya pili ilianza kwa maneno "Kipa hakuiba mkate", nikawasomea kanuni inayotaka marekebisho yatoe taarifa sahihi bila kurudia kosa, isipokuwa pale ambapo bila kulirudia maana haitaeleweka. Walibishana sana juu ya neno "kipa", kwa kuwa ndilo lililomtambulisha mara ya kwanza. Hatimaye wakaandika: "Habari yetu ya Ijumaa iliyopita kuhusu jikoni haikuwa ya kweli. Mwanafunzi aliyehusishwa nayo hakuvunja kanuni yoyote. Hatukumuuliza kabla ya kuandika. Tunamwomba radhi."

Mhariri alitaka kuibandika chini, pembeni mwa ratiba ya michezo. Jopo likaamua ikae palepale ilipokaa habari ya kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule. Kipa alipewa nafasi ya kujibu kwa maandishi, akakataa. Aliomba tu isibanduliwe baada ya wiki moja kama ilivyo desturi yetu, kwa sababu lile jina la utani nalo lilikuwa bado halijabanduka.