Ile m ya Roho Mtakatifu

Jumamosi saa nne asubuhi huwa nafundisha darasa la kipaimara kwenye usharika wetu wa Kilutheri hapa Tanga. Siku za wiki nafundisha Kiswahili sekondari, na baadhi ya watoto ni walewale, kwa hiyo wananipata mara mbili: Jumanne ngeli, Jumamosi amri kumi. Somo la Utatu lilipofika mwaka huu nilijiona nimejiandaa kweli. Niliokota mawe matatu nyuma ya kanisa, nikaazima sufuria ya mke wangu, nikapanga kila kitu mbele ya darasa na kuanza na methali: jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga matatu, jiko moja. Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Watoto wakaandika, nami nikawa natembea katikati ya madawati nikijipongeza moyoni.

Binti mmoja wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono. "Mwalimu, figa moja likitoka, sufuria inamwagika. Sasa Yesu alipokufa, Mungu hakumwagika?"

Nikamwambia ni swali zuri, tutalirudia. Aliyewahi kushika chaki anajua "tutalirudia" maana yake nini.

Sufuria ilirudi nyumbani na mkwaruzo, nikasemwa. Lakini swali ndilo lililonikosesha raha. Kosa halikuwa la yule binti, lilikuwa la mawe yangu. Figa moja si jiko, ni theluthi ya jiko, na imani ninayoikiri haisemi popote kwamba Baba ni theluthi ya Mungu. Mfano wa embe, ganda na nyama na kokwa, una ugonjwa uleule. Ule wa maji, barafu na mvuke una ugonjwa wa upande wa pili: kitu kimoja kinabadilisha nguo. Nimeusikia madhabahuni zaidi ya mara moja, na ukiusikiliza vizuri ni mafundisho yaleyale yaliyomfanya Sabellius atengwe na kanisa la Roma karne ya tatu. Wahubiri wetu wengi ni wafuasi wa Sabellius kila Jumapili ya Utatu na hawajui.

Pasaka tukapanda Soni kwa mama. Sisi ni watatu kwa mama yetu (mnaweza kucheka). Dada yetu mkubwa ni Shahidi wa Yehova, mwaka wa ishirini sasa. Yeye haadhimishi Pasaka yetu, alikuja "kumsalimia mama", na kwa bahati mama alikuwa amechinja jogoo. Mimi ni wa katikati, Mlutheri kama mama. Kitinda mimba wetu anaendesha bodaboda Mombo, na miaka miwili iliyopita alibatizwa upya mtoni kwa jina la Yesu peke yake. Alifika amechelewa kwa sababu tairi ya nyuma imeisha meno na barabara ya kupandia milimani ilikuwa na utelezi. Akala, akanawa, akamgeukia mwanangu.

"Wewe ulibatizwa kwa jina gani?"

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, baba mdogo."

"Hivyo ni vyeo. Mimi nimeuliza jina. Baba yako akienda benki akasaini 'Baba', watampa hela?"

Mtoto akanitazama. Nikaona hapa siwezi kusema tutalirudia.

Niseme ukweli, hoja ya mdogo wangu si ya kupuuza. Mathayo 28:19 imeandikwa "kwa jina", si "kwa majina", na Kigiriki nacho kiko hivyohivyo, umoja. Kisha kwenye Matendo 2:38 Petro anawaambia watu wabatizwe "kwa jina lake Yesu Kristo". Ukiweka mistari hiyo miwili pamoja na kuuliza jina hilo moja la Baba na Mwana na Roho ni lipi, unafika alikofika yeye. Na hakufika peke yake. Mwaka 1913, kwenye mkutano wa Wapentekoste huko Los Angeles, mhubiri mmoja aitwaye McAlister alisema mitume walibatiza kwa jina la Yesu tu. Mwaka uliofuata Frank Ewart na Glenn Cook wakabatizana upya. Kufika 1916 Assemblies of God walikaa St. Louis wakaandika wazi kwamba wao ni wa Utatu, na wachungaji zaidi ya 150 wakaondoka. Mto aliobatiziwa mdogo wangu unatokea huko.

"Mungu ni mmoja," akasema. "Ndiye Baba, ndiye Mwana, ndiye Roho. Yesu mwenyewe alisema, aliyeniona mimi amemwona Baba. Wewe unahesabu watatu halafu unasema mmoja. Hesabu gani hiyo, kaka?"

Hapo ndipo ualimu wangu wa Kiswahili uliponisaidia kuliko kipaimara. Nikamwomba afungue Yohana 10:30. Akausoma kwa sauti: "Mimi na Baba tu umoja."

Nikamwambia arudie neno moja moja. Hiyo "tu" si ile ya "peke yake". Ni "tu" ya sisi, kama "tu wazima", "tu wageni". Anayesema ni wengi. Halafu halikuja neno "mmoja", limekuja "umoja". Angetaka kusema yeye na Baba ni mtu yuleyule, Kiswahili kina njia yake: "mimi ndiye Baba", basi. Wafasiri wa Union Version, Biblia yetu ya 1952, hawakubahatisha. Kigiriki cha mstari huo kina kitenzi cha wingi, "sisi tuko", na neno "moja" lisilo la kiume wala la kike, yaani kitu kimoja, si mtu mmoja. Nimekuja kugundua baadaye kwamba Tertullian, Mwafrika wa Carthage, aliandika jambo hilohilo kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya tatu, akibishana na mtu anayemwita Praxeas: angalieni, amesema "tu", amesema "umoja". Ni Tertullian huyo aliyekuwa wa kwanza kuuita Utatu kwa Kilatini, trinitas. Alikuwa na ulimi mkali. Alisema Praxeas amemfanyia shetani kazi mbili pale Roma: amemfukuza Msaidizi, yaani Roho Mtakatifu, na kwa kumfanya Baba na Mwana mtu yuleyule amemsulubisha Baba. (Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa tayari kwenye kundi ambalo kanisa lililikataa. Ndivyo mambo yalivyo.)

Mdogo wangu alinyamaza kidogo, akachokonoa meno. Mimi nikaona nimeshinda, nikafanya ujinga wa kuongeza. Nikasema, na tena Yohana kwenye waraka wake wa kwanza, mlango wa tano, anasema wazi wako watatu washuhudiao mbinguni, Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu.

Dada hakuwa amesema neno tangu tuanze. Alivua miwani, akavaa tena, akaichukua Biblia yangu, si yake, yangu, akaweka kidole.

"Mdogo wangu, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Haya mabano ya nini?"

Mabano ya mraba. Yapo. Nimeusoma mstari huo tangu niko kipaimara mwenyewe, na macho yangu yaliruka mabano kama mtu anavyoruka dimbwi analolijua. Wafasiri wa Biblia ya Habari Njema hawana hata mabano, wao wanaanza moja kwa moja na mashahidi watatu, Roho, maji na damu. Maneno hayo ya mbinguni hayamo kwenye hati za kale za Kigiriki. Msomi Erasmus alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 aliyaacha, 1519 akayaacha tena, wakamsema sana, na 1522 akayaingiza baada ya kuonyeshwa hati ya Kigiriki iliyokuwa nayo. Hati hiyo ilikuwa mbichi, ya karne yake mwenyewe. Siku hizi inatunzwa Dublin, kwenye chuo kinachoitwa Trinity, na kama kuna mtu mbinguni anayepanga vichekesho, hicho ni kimojawapo. Kwa hiyo dada alikuwa na haki. Situmii tena mstari huo, na nawaomba Walutheri wenzangu mwache kuutumia, maana tunawapa wenzetu fimbo.

Akaendelea bila haraka, kama anavyofanya kwenye milango ya watu. Baba ni mkuu kuliko mimi, Yohana 14:28. Neno Utatu halimo kwenye Biblia. (Jibu la kwamba hata neno "Biblia" halimo nililitumia zamani, siku hizi naona ni la kitoto.) Yohana 1:1 Neno alikuwa mungu, kwa m ndogo.

Nikamwambia asome tena, nami nikafumba macho. Akasoma. Kwa sikio "mungu" wake na "Mungu" wangu ni sauti moja. Ugomvi mzima wa Arius, kasisi wa Aleksandria aliyesema kulikuwako wakati Mwana hakuwapo, kwa Kiswahili umekaa kwenye ukubwa wa herufi. Kigiriki kina kijineno cha kuonyesha kitu kinachojulikana, na wataalamu wanapigania kukosekana kwake mahali pale. Sisi hatuna. Tena hati za kale zenyewe ziliandikwa kwa herufi kubwa tupu, hivyo m ndogo ni uamuzi wa mfasiri, na M kubwa pia. Sisi wote wawili tunasoma kwa imani ya waliotutangulia.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kitu kingine kwenye Biblia yake, Tafsiri ya Ulimwengu Mpya. Wao hawaandiki "Roho Mtakatifu". Wanaandika "roho takatifu". Nilikuwa nimekiona kwenye magazeti yao miaka yote nikadhani ni mtindo tu.

Kisarufi dada hana kosa hata chembe. Roho ni ya ngeli ya I-ZI: roho yangu, roho mbaya, roho safi. Kwa hiyo roho takatifu, kama nyumba takatifu. Isipokuwa Kiswahili kina desturi yake: nomino ikiwa kiumbe hai, ngeli yake inawekwa kando na inapewa upatanisho wa watu. Ndiyo maana getini wanaandika MBWA MKALI. Hata mbwa tunampa m. Ukisema Roho Mtakatifu umeshaungama kwamba huyu ni "yeye", anaweza kuhuzunishwa, anaweza kutuma. Ukisema roho takatifu umesema ni nguvu ya Mungu, kama umeme wa TANESCO, ambayo ndiyo hasa imani ya dada. Ukiri wa kanisa zima kuhusu Roho, uliokamilishwa kwenye mkutano wa maaskofu Konstantinopoli mwaka 381, sisi tumeubeba kwenye herufi moja mbele ya kivumishi. Kule Nikea mwaka 325 na miaka iliyofuata maaskofu walitupiana maneno, na Athanasius, askofu wa Aleksandria, akafukuzwa jimboni kwake mara tano, kwa tofauti ya "asili moja" na "asili inayofanana", ambayo kwa Kigiriki ni irabu moja tu. Nilizoea kuwacheka. Siwacheki tena.

Na tangu siku hiyo naona hizo herufi kila mahali. "Neno alikuwako", si "lilikuwako". "Usiwe na miungu mingine", si "wengine": ile amri ya kwanza imeipa miungu ya uongo upatanisho wa miti. Wakatoliki kwenye misa wanasema Mwana ana "umungu mmoja na Baba", na hiyo u ya umungu, ya umoja, ya utatu, ni u ileile. Sidai kwamba inathibitisha kitu. Sarufi ni ushahidi wa alichoamini mfasiri, wala haimlazimishi Mungu. Ila hakuna Mswahili anayeweza kufungua kinywa juu ya Mungu bila kuchagua kwanza kiambishi.

Mama alikuwa anachambua mchicha muda wote huo. "Mnapiga kelele kama wauza viazi wa sokoni," akasema. Nikacheka peke yangu, kwa sababu askofu Gregory wa Nyssa alilalamika hivyohivyo karne ya nne. Alisema Konstantinopoli ukiuliza bei ya mkate, muuzaji anakujibu kwamba Baba ni mkuu na Mwana yuko chini yake, na ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari, mtu wa bafuni anakuambia Mwana ametokana na kisichokuwapo. Nilitaka kumweleza mama. Akanipa kisu na kitunguu.

Jioni kabla ya kuachana mama akamwambia kitinda mimba aombe. Akaomba vizuri, kuliko mimi. "Baba, tunakushukuru kwa kumtuma Mwanao." Sikio langu likashtuka kwenye ile "-o" ya mwisho, Mwana wako, anayeshukuriwa ni mwingine na aliyetumwa ni mwingine. Sikusema kitu. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, midomo imefungwa.

Jumamosi iliyofuata niliingia darasani mikono mitupu. Nikamwambia yule binti kwamba kanisa linaamini aliyekufa ni Mwana, kwa ubinadamu aliouchukua kwa Mariamu, na kwamba Baba hakufa, na kwamba hakuna siku Mungu alipungua. Nikamsomea Tertullian na Praxeas wake aliyemsulubisha Baba. Akafikiri.

"Kwa hiyo yale mawe yalikuwa uongo?"

"Ndiyo."

Akachukua rula, akaupiga mstari mchoro wa mafiga kwenye daftari lake. Wenzake wakafanya hivyohivyo.

Mdogo wangu hulala saa tatu na kuamka saa kumi alfajiri. Jumatatu nilikuta ujumbe wake wa sauti, dakika nne, Isaya 9:6, mtoto amezaliwa naye ataitwa Baba wa milele, sasa kaka hapo unakimbilia wapi. Nikaandika jibu fupi, Yohana 14:16: "Nami nitamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi mwingine." Nikamwekea alama chini ya "mwingine". Tiki mbili za buluu zikatokea. Akawa anaandika, akaacha, akaandika tena kwa muda mrefu.

"Kaka, ile habari ya tairi ya nyuma ulisemaje?"