Mvua Ikinyesha Ijumaa

Wapendwa, Sabato njema.

Kwetu Dodoma mwezi wa Desemba hauna mchezo. Msimu wa mvua ni mmoja tu, Aprili umekwisha, na mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki hata milimita 600. Kwa hiyo ikinyesha ya kupandia Ijumaa mchana, hesabu kila mtu anaijua: udongo umelowa leo, kesho asubuhi ndiyo siku yenyewe, na Jumapili jua litakuwa limeshaanza kudai chake. Sasa saa moja kasoro robo jua linazama, tunafungua Sabato, hakuna jembe hadi kesho jua lizame. Mbegu za alizeti na uwele ziko kwenye ndoo, plau imeegemea ukuta. Alfajiri jirani anafunga ng'ombe, wewe unapiga pasi shati la kanisani. Anayesema kupumzika ni jambo jepesi hajapita kando ya shamba la mwenzake linalopandwa, Biblia ikiwa kwapani.

Ndiyo maana, pamoja na Kutoka 20 tunayoikariri tangu utotoni, mimi narudi sana Kutoka 34:21. Pale amri ya siku ya saba inaitaja misimu yenyewe: hata wakati wa kulima, hata wakati wa kuvuna, utapumzika. Mungu hakuwaambia Waisraeli wasubiri kiangazi. Mwezi wa Agosti nani anashindwa kupumzika huku kwetu? (Wenzetu wa zabibu watanisamehe, wao Agosti wanaweza kuwa kwenye mavuno.) Aligusa palepale panapouma, kwenye wiki ambayo mkulima ana sababu nzuri kabisa ya kutokupumzika.

Sasa fungueni Marko 4. Tumezoea kuigawa sura hii: mifano ya mbegu ina mahubiri yake, dhoruba ina yake. Lakini ni siku moja. Mchana Yesu anafundisha akiwa ameketi chomboni, watu wako ufuoni, na katika mifano yake yumo mtu aliyemwaga mbegu kisha akawa analala na kuamka, mbegu ikamea asijue imemeaje. Jioni ileile wanavuka ng'ambo, na aliyesema habari za mkulima anayelala, analala mwenyewe.

Tena alilala mahali pa namna gani! Mwaka 1986 ukame ulishusha maji ya Ziwa la Galilaya, matope yakafunua mabaki ya mashua ya takribani karne ile ya kwanza. Urefu wake ni kama mita 8, upana mita 2 na kidogo. Siwezi kusema ndiyo waliyopanda, ila kama chao kilikuwa cha kadiri hiyo, basi Yesu alilala shetrini, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, huku miguu ya wenzake ikimpita kichwani, maji yakiingia, wavuvi wazoefu wakipiga kelele. Upepo wa ziwa lile hushuka ghafla kutoka vilimani, na wao waliujua tangu utoto. Hawakuwa waoga wa bure.

Ijumaa jioni tunapenda kutumiana picha za mtumbwi kwenye maji yaliyotulia, kama ile mitumbwi ya Mtera tunayoiona dirishani basi likipita bwawani kwenda Iringa. Picha nzuri, nami huzituma. Ila Marko ameweka mambo kwa mpangilio mwingine: usingizi kwanza, shwari baadaye. Aliyelala alilala mawimbi yakiwa bado yanapiga.

Na angalieni walichomwambia walipomwamsha: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Usingizi wake waliusoma kama kutojali. Hapo ndipo panapomchoma mshika Sabato wa msimu wa kilimo. Njaa yenyewe haijafika, lakini maneno yamefika: huyu hajali watoto wake, huyu anajificha kanisani kukwepa jembe. Wakati mwingine anayesema ni shemeji yako, na anasema mbele ya wanao. Yesu hakujitetea kwa hotuba. Aliukemea upepo kwanza, ndipo akawauliza wao habari ya imani yao.

Jambo la mwisho, nalisema haraka kwa kuwa jua linashuka. Kumbukumbu la Torati 5:14 imemtaja mtumwa, mjakazi, ng'ombe na punda, wote wapumzike kama wewe. Kama umekubaliana na kibarua akupandie kesho wakati wewe uko kwenye kwaya, mpigie sasa hivi, mpange Jumapili alfajiri. Kama ng'ombe umewaazimisha kwa kesho, ongea na aliyewaazima. Na dada anayekusaidia nyumbani, vyombo vya wageni wa kesho mchana viko mikononi mwa nani?