DVD za harusi na laptop isiyo na mlango wa diski

Laptop nyingi mpya hazina mlango wa diski, na kabati za Dodoma bado zimejaa DVD za harusi na kwaya. Draivu ya nje ya USB inatosha. Ikizunguka kisha ikakata, kwa kawaida umeme hautoshi: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu. Ichomeke kwenye laptop yenyewe, usipitie habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) isiyo na chaja yake.

Vumbi la kiangazi ndilo hasa linalosumbua huku. Diski ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko huficha data nyingi mfululizo, na draivu hushindwa kuziba pengo. Mkwaruzo wa kukatiza mara nyingi husomeka.

Windows 10 na 11 hazina programu yao ya kuchezea DVD, kwa hiyo weka VLC, ni ya bure. Halafu nakili folda nzima ya VIDEO_TS, ndiyo yenye video za diski. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, hivyo flashi ya GB 32 huchukua sita. Anza na zile zilizochomwa kwenye kompyuta, zenye zambarau chini: rangi hiyo ndiyo inayobeba picha, na jua na joto huiharibu.